Mama Mkwe Asiyenifokea

Wivu wangu ulianza siku mama mkwe alipomrushia mke wa shemeji yangu kipande cha tofu, ile jibini laini ya soya. Alimrushia kweli, si maneno ya kupamba. Kikampiga kifuani, kikateleza kwenye aproni, kikaanguka chini. Kosa lake lilikuwa kukikata kinene mno. Mama mkwe akamfokea kwa Kihakka mpaka wateja waliokuwa wakisubiri chakula chao kule mbele wakageuza shingo. Alipomaliza akanigeukia mimi, niliyekuwa nimesimama mlangoni na koti langu mkononi, uso ukamlainika papo hapo. "Ma chère," akaniambia, yaani mpenzi wangu kwa Kifaransa, "njoo uketi, utachoka bure." Nikaketi. Nikaletewa chai na biskuti. Nikainywa ile chai huku roho inaniuma, na sikujua hata inauma kwa nini.

Nieleze kwanza nilifikaje kwenye jiko lile. Mimi ni mtoto wa Buyenzi, Bujumbura, Mwislamu, nimelelewa na mama aliyetokea Ujiji. Nilikuja Ubelgiji nikiwa msichana, nikasomea kutunza wazee, na hadi leo nafanya kazi kwenye nyumba ya wazee kule Uccle. Hapo ndipo nilipomwona mume wangu, aliyekuwa akija kutengeneza lifti iliyokuwa haiponi. Yeye ni Mhakka. Wahakka ni Wachina, ila wana lugha yao na mambo yao, watu wa kuhama toka enzi za mababu, na familia ya mume wangu ilipitia kisiwa cha Morisi kabla ya kufika Brussels. Mama mkwe ni mjane mwenye watoto wawili wa kiume. Mkubwa ana mgahawa mdogo Saint-Gilles, hatua chache kutoka stesheni ya treni ya Gare du Midi, na anaishi na mama yake ghorofa za juu ya mgahawa huo. Mdogo ndiye wangu. Alisilimu, tukafunga ndoa, tukapanga nyumba Evere.

Mwaka huohuo mkubwa naye akaoa. Mke wake aliletwa kutoka kijiji cha Wahakka kusini mwa China, jamaa ndio waliomtafutia. Yeye aliingia baridi ikiwa haijaisha, mimi nikaingia majani yakianza kuanguka, kwa hiyo tulikuwa maharusi wawili wa mwaka mmoja na mkwe mmoja. Kwa kuwa mume wake ni mkubwa, nilimwita dada, ingawa kwa umri nimemzidi.

Sasa tazama tulivyopokewa. Dada alifika Jumamosi, Jumapili yuko jikoni. Wahakka wana tofu yao ya kujaza: unakata vipande, unachimba katikati, unashindilia nyama ya kusaga, unakaanga upande mmoja, kisha unaitokosa kwenye mchuzi. Ni chakula cha sherehe, na kwa mama mkwe ndio mtihani wa mke. Dada akichimba sana tofu ikapasuka, anafokewa. Akijaza kidogo, anafokewa. Akinyamaza anaulizwa kanunia nani. Akijibu anaulizwa nani kamfundisha kujibu wakubwa. Zaidi ya mara moja nilimkuta kwenye chumba cha baridi cha mgahawa, amesimama katikati ya makreti ya kabichi, analia bila sauti. Akiniona anajipangusa kwa kiwiko, ananionyesha kreti, eti alikuwa anatafuta vitunguu.

Mtu mwenye akili zake angemhurumia. Mimi nilimwonea wivu, tena wivu wa kuniamsha na kunilaza. Ilinichukua muda kujua chanzo chake, na nilipokijua nikazidi kukasirika. Kwetu Buyenzi anayefokewa ni mtu wa nyumbani. Mama yangu alitufokea sisi, akamfokea baba, akafoka mpaka kwa mbuzi wa jirani aliyekuwa akiingia uani kila siku, maana naye alishakuwa wetu. Mgeni ndiye anayesemeshwa vizuri. Mgeni huvutiwa kiti, hupewa soda, akivunja glasi huambiwa hakuna neno. Na mimi nilikuwa mke katika nyumba ile, nimeolewa kwa mashahidi, halafu napewa soda!

Usinielewe vibaya, mama mkwe hakuwa na roho mbaya kwangu. Laiti angekuwa nayo, ningejua pa kumshikia. Alininunulia sufuria yangu, kikaango changu na vijiti vyangu vya kulia, akavifunga utepe mwekundu ili visije vikakutana na vyombo vinavyopikiwa nguruwe. Kuku wangu alimfuata kwa mchinjaji wa Kimoroko. Tofu yangu aliijaza samaki na kamba, akaipika mwenyewe, hakumwachia mtu. Shoga zangu nikiwasimulia wananipigia makofi. "Wee, una bahati! Mkwe gani huyo? Hebu tuazime na sisi!" Bahati! Mezani wenzangu wote wanachota kwenye bakuli moja, vijiti vinagongana, wananyang'anyana, mimi niko pembeni na kisufuria changu chenye utepe kama mgonjwa wa wodini.

Nikaanza kujipenyeza jikoni. Nilikuwa nikifika Jumapili nakunja mikono ya blauzi kabla hata sijasalimia vizuri. Nikishika kisu, kisu kinachukuliwa polepole kutoka mkononi mwangu. "Utajikata, ma chère." Nikishika ufagio, ufagio nao unapata mwenyewe. Nikijaribu kusuuza mboga, naambiwa maji ni ya baridi na mikono yangu inahitajika na wazee wa watu kule Uccle. Na wakati huohuo dada yuko pale anaitwa "Ê!" Hakuwa na jina jingine. "Ê! Mchele!" "Ê! Umeziba masikio?" Mimi natabasamu na kikombe changu, ndani nachemka. Ningetoa chochote na mimi niitwe "Ê" mara moja tu.

Siku moja sahani ikaniponyoka. Wallahi sikuiangusha makusudi, ingawa siwezi kuapa kwamba niliishika kwa nguvu zangu zote. Ilikuwa sahani kubwa ya samaki, nyeupe yenye maua ya bluu, mama mkwe alisafiri nayo kutoka Morisi akiwa ameipakata. Ikapasuka katikati ya jiko. Watu wote wakageuka. Nikasimama wima, nikangoja. Nikajiambia, haya, sasa imefika zamu yangu. Mama mkwe akaitazama ile sahani, akameza mate, akasema, "Si kitu, chère. Hujaumia?" Halafu akamgeukia dada, akamshushia maneno kama maji ya bomba lililopasuka: nani aliiweka sahani ile ukingoni? Dada hata hakuwa karibu, jamani! Alikuwa upande wa pili anakuna tangawizi. Akapiga magoti bila kujitetea, akaokota vipande vyangu, na mimi nikaletewa kiti.

Kwenye basi la kurudi Evere nikamwambia mume wangu, "Mama yako hanipendi."

"Umemvunjia sahani ya mama yake mzazi, akakuuliza kama umeumia," akasema. "Ulitaka apendeje?"

"Nilitaka anitukane."

Akanitazama, akatazama nje, akasema kwamba Kiswahili ni kigumu, ila mimi mkewe ni mgumu zaidi. 

Miaka ikawa inakwenda, na dada akawa anabadilika mbele ya macho yangu, jambo lililoniuma kuliko yote. Kilio chake kiliisha sijui lini. Siku moja tu nilipofungua chumba cha baridi sikumkuta. Kifaransa alikiokota kwa wateja na kwa watu wa soko la Jumapili la Midi, akaanza kubishana bei na wauzaji wa mboga kwa sauti iliyofanana kabisa na ya mama mkwe. Tofu yake ikawa haipasuki. Akapewa funguo za stoo, baadaye za mgahawa. Mama mkwe hakupunguza kufoka hata chembe, ila dada alianza kumjibu, kwanza kwa kunong'ona, kisha kwa sauti, na Jumapili moja nikawakuta wamesimama uso kwa uso juu ya beseni la kamba, wanapigiana kelele wote wawili kwa pamoja, mikono inarushwa. Nikaweka mkoba chini niamulie. Kabla sijafika, mama mkwe akasema neno moja, dada akaguna, na wote wakaangua kicheko mpaka wakashikana mabega. Mimi nimesimama katikati na tabasamu la mtu asiyejua kilichosemwa.

"Amesema nini?" nikauliza.

"Ah, hakuna," akasema dada, anajifuta machozi ya kicheko. "Mambo ya jikoni."

Mambo ya jikoni! Nilisonya moyoni mpaka nikajisikia.

Kuna siku tulibaki juu mimi na dada, mama mkwe ameteremka kumwangalia fundi wa friji. Ilikuwa msimu wa majani ya haradali. Wahakka huyatia chumvi, wakayaanika mpaka yanakauka na kuwa meusi, na huyapika mwaka mzima. Kijijini kwa dada huanikwa juani. Brussels jua ni la kubahatisha, kwa hiyo mama mkwe huyatandaza juu ya radieta zote za kupasha nyumba joto, na harufu ya chumvi na uchachu inakupokea toka kwenye ngazi. Dada alikuwa anayageuza. Mimi, kama kawaida, nilikuwa nimekalishwa. Nikamwuliza aliwezaje kuzoea maisha haya.

"Kwetu mke hafundishwi kuzoea," akasema. "Anafundishwa kuamka wa kwanza."

Akanieleza kwamba bibi zao hawakuwahi kufungwa miguu ili isikue kama Wachina wengine wa zamani, maana walihitajika mashambani. Wanaume walikwenda ng'ambo, wanawake wakabaki na mlima, ng'ombe na wakwe. Mama yake alimpa maneno machache tu siku ya kuondoka: asijibu, asilale mchana, asihesabu makosa ya mkwe. Mwaka wa kwanza alilia. Alilia mpaka akachoka, na alipochoka akagundua kumbe ameshajua kuulizia bei ya kabichi kwa Kifaransa.

"Basi ndio hivyo," akasema. "Sikuzoea. Nilipata kazi nyingi."

Kisha akageuza majani ya mwisho, akanipa mgongo, akasema, "Wewe una bahati. Wewe hakufokei."

Nikamkazia macho mgongoni nione kama ananicheza shere. Alikuwa anakung'uta chumvi viganjani. Nikaondoka mapema siku ile, nimenuna, na mume wangu akajua asiniulize.

Sasa nije kwenye mtungi, maana mtungi ndio ulionimaliza. Mke wa Kihakka akishika mimba, mama mkwe wake hupika mchele wa kunata, huutia chachu, huufunika kwenye mtungi na kuuacha uwe pombe tamu ya kahawia. Mtoto akizaliwa, ile pombe hupikiwa kuku na tangawizi tele, na mzazi analishwa mwezi mzima kitandani ili damu irudi na maziwa yatoke. Dada alipobeba mimba yake ya kwanza, mtungi ulikaa chini ya ngazi umefunikwa blanketi, na kila mtu akipita anaambiwa apite taratibu. Alipozaa, nilikwenda kumpa hongera, nikamkuta kitandani na kilemba kichwani, bakuli kifuani, mvuke unampanda usoni, na mama mkwe kasimama juu yake anahakikisha anamaliza. Chumba chote kinanuka tangawizi na pombe. Nilimbeba yule mtoto, nikasema mashaallah, huku wivu unanivuta macho kwenye bakuli la mama yake. Mimba ya pili, mtungi tena.

Yangu mimi ilichelewa. Miaka tuliyongoja siitaki kuisimulia. Ilipokuja, mama mkwe alinishika mikono miwili, machozi yakamlengalenga, akasema, "Ma chère, ma chère." Jumapili iliyofuata nikajifanya naenda msalani, nikainama chini ya ngazi. Palikuwa na maji ya chupa, miavuli na baiskeli ya watoto wa dada. Jumapili nyingine nikaangalia tena. Miavuli ileile.

"Lakini wewe hunywi pombe!" mume wangu akasema nilipomlilia.

"Najua sinywi!"

"Sasa unataka nini?"

"Nataka nipewe nikatae!"

Nikampigia mama Bujumbura nipate wa kuniunga mkono. Akacheka mpaka simu ikakwaruza. "Mwanangu, umelogwa? Mtoto wa Kiislamu unalilia pombe? Tulia, nakuja. Arobaini yako nitaikalia mimi mwenyewe, nitakukanda, nitakufunga tumbo, nitakupikia uji wa pilipili manga. Hutakumbuka huo mtungi wao." Nikatulia. Nikahesabu kwamba wakati wangu umefika, nami nitakuwa na mtu wangu wa kunifokea ndani ya nyumba yangu, na dada aje aone.

Mama akanyimwa viza. Alituma tena maombi, akanyimwa tena. Aliponiambia hakucheka, na mimi nikaketi kwenye sakafu ya bafu na tumbo langu, nikajua nitazaa katika mji huu bila mtu.  Mambo ya nani anapendwa na nani hapendwi yaliacha kuwa mchezo. Nilihitaji mama, na aliyekuwepo alikuwa mama wa mtu mwingine.

Nikazaa mtoto wa kike. Tuliporudi Evere kutoka hospitali, mama mkwe alikuwa ameshafika na sanduku lake na mfuko mzima wa tangawizi, amewaachia mgahawa mwanawe na dada, akasema atakaa mwezi. Nililia kwa furaha. Furaha ikadumu mpaka kesho yake asubuhi, aliponibishia hodi. Mama mkwe wangu, nyumbani kwa mwanawe mwenyewe, anagonga mlango wa chumba cha mzazi na kungoja aambiwe apite! Mama yangu angeingia kwa bega. "Umelala vizuri, chère? Unapenda supu sasa au baadaye?" Supu yenyewe ilikuwa kuku wa Mmoroko, tangawizi, tende na mafuta ya ufuta, bila tone la pombe, tamu ajabu. Niliila naisifu, na kila kijiko kinanikumbusha kwamba ni supu ya mgeni. Hakuniambia fanya hivi, usifanye vile. Dada alipozaa nilisikia orodha ya makatazo inapigwa kelele mpaka mtaani. Mimi sikupewa hata katazo moja.

Kila alasiri dada alikuja kutoka Saint-Gilles na sufuria ya kitu fulani, watoto wake wakiwa shule. Anambeba mtoto wangu, anakaa kidogo, anaondoka.  Nilikuwa namtazama jinsi mama mkwe anavyomwamrisha ndani ya nyumba yangu, toa hiki, leta kile, na mimi mwenye nyumba nabembelezwa, nikatamani asije kabisa.

Basi siku moja mama mkwe alikuwa ametoka kwenda dukani. Mama yangu alinipigia, akanihimiza: koga maji ya moto, mwanangu, moto hasa, ujimwagie toka kichwani, ujikande kiuno. Ndivyo mzazi wa kwetu anavyofanyiwa kila siku. Nikaoga. Nikaosha nywele vizuri, nikasikia mwili unanirudia. Ndio natoka bafuni, nikaona kupitia dirishani mvua imeanza, na nguo za mtoto nilikuwa nimezianika kwenye balkoni. Hata mama yangu angenichapa kwa nilichokifanya: nilitoka vilevile, kanga moja, miguu mitupu juu ya saruji, maji yananichuruzika kichwani na upepo wa Evere unavuma. Nikaanza kuzikusanya.

Nikasikia mfuko ukianguka nyuma yangu, kisha machungwa yakibingirika. Kisha kelele.

Nilikuwa sijawahi kusikia sauti ile ikija upande wangu. Nilidhani dada yuko nyuma yangu, nikageuka kumtafuta, na kweli alikuwa mlangoni na sufuria yake, ila macho ya mama mkwe hayakuwa kwake. Alinishika mkono juu ya kiwiko, akanivuta ndani nusura nianguke, akabamiza mlango wa balkoni. Kihakka, Kikrioli cha Morisi, Kifaransa, vyote vilimtoka kwa mkupuo. Hakuniita chère. Alinisukuma nikakaa kwenye kochi, akachukua taulo, akanisugua kichwa kwa nguvu mpaka masikio yakawaka, akanipiga kofi la bega, akaendelea kusugua.  Kwa Wahakka mzazi hatii maji kichwani mwezi mzima, na mimi sikujua, maana nani huambiwa masharti ya nyumba kama si mtu wa nyumbani?

Na mimi, niliyeingoja siku ile miaka yote, mnadhani nilifurahi? Thubutu! Nilimjibu. Nilimpigia kelele kwa Kiswahili cha Buyenzi, nikamwambia aniache, kwetu mzazi anaoga, yeye ni nani wa kunipiga nyumbani kwangu, na miaka yote alikuwa wapi. Mtoto akaamka akalia. Hakuna aliyemwelewa mwenzake na hakuna aliyenyamaza. Mwishowe akanitupia taulo usoni, akaenda jikoni, na tukamsikia anaponda tangawizi huku bado anafoka peke yake.

Dada aliweka sufuria chini. Akampakata mtoto kidogo, akanipa nimnyonyeshe, akaenda kutafuta soksi.

"Anasema nini?" nikamwuliza. Nilikuwa nalia na kutabasamu kwa wakati mmoja.

"Anasema wewe ni mpumbavu. Anasema hata kuku ana akili ya kuikimbia mvua."

"Endelea."

"Anasema upepo ukimwingia mzazi kichwani hautoki tena. Anasema ukifa, yeye atamwambia nini mama yako aliye mbali."

Nikacheka kwa sauti, machozi yanamdondokea mtoto. Nikamtazama dada aliyekuwa amepiga magoti mbele yangu, nikamwambia kwa majivuno ambayo sikujisumbua kuyaficha, "Umesikia? Leo na mimi nimefokewa!"

Hakucheka. Alinivisha soksi ya kwanza, akaivuta vizuri kisiginoni.

"Mimi pia niliosha nywele," akasema, "nilipomzaa mwanangu wa kwanza. Alinifokea kuliko hivi."

"Kwa sababu ya upepo?"

"Kwa sababu nilimaliza maji ya moto. Vyombo vya mgahawa vilikuwa vinayangoja."

Akainua macho, akanitazama. Nilikuwa nayajua macho yale, maana ndiyo niliyomtazamia yeye miaka yote kutoka kwenye kiti changu. Nikamfuta mtoto machozi yangu yaliyomdondokea. Jikoni mama mkwe alikuwa bado ananitukana. Dada akanivisha soksi ya pili, akachukua sufuria yake, akaenda kumsaidia.